Nyumba Zilizozaa Nyumba

Jumapili ya Septemba 8, 1946, familia zaidi ya mia moja ziliingia Kensington, mtaa wa wenye nacho jijini London, zikiwa na magodoro, mablanketi, masufuria na vigari vya watoto. Hazikuja kutembea. Duchess of Bedford House, jengo la fleti za kifahari ambalo serikali ililitwaa wakati wa vita, lilikuwa tupu, na wenye nalo walikuwa wakijiandaa kulipangisha upya kwa watu wa mifuko mizito. Chama cha Kikomunisti kilikuwa kimeandaa shughuli ile kimyakimya. Milango ikafunguliwa, watu wakapanda ngazi na kugawana vyumba.

Hawakukaa sana. Viongozi watano wa chama walikamatwa, mahakama ikaingia kati, na kabla ya Septemba kwisha wavamizi walikuwa wameondoka. Lakini watu wa Kensington walikuwa wachache tu katika umati mkubwa. Tangu Mei mwaka huo, pale familia moja ya mji wa Scunthorpe ilipohamia katika kambi ya mizinga ya kutungulia ndege iliyoachwa na jeshi, wengine walifuata mfano huo mji kwa mji. Kufikia Oktoba, karibu watu 40,000 walikuwa wakiishi bila ruhusa ya mtu katika kambi zaidi ya 1,000 za jeshi huko England na Wales. Walichagua kamati zao na kupanga zamu. Katika sehemu nyingi halmashauri za miji ziliishia kuwapelekea maji na kuwatoza kodi kidogo, maana kuwatoa kulikuwa na maana moja tu, kuwalaza barabarani.

Hao hawakuwa wahuni. Wengi walikuwa askari waliorudi kutoka vitani, wake zao na watoto wao. Mabomu ya Wajerumani yalikuwa yamebomoa au kuharibu vibaya mamia ya maelfu ya nyumba, na kwa miaka sita mafundi walikuwa jeshini au katika viwanda vya silaha, hivyo karibu hakuna kilichojengwa. Kisha vita vikaisha, watu wakaoana kwa wingi, watoto wakazaliwa kwa wingi zaidi. Vijana waliooana waliishi chumba kimoja kwa wakwe. Hata nyumba zilizosalimika nyingi zilikuwa za zama za Malkia Victoria. Sensa ya 1951 ilikuta zaidi ya theluthi ya kaya za nchi ile, iliyowahi kutawala robo ya dunia, haina bafu. Watu walioga kwenye beseni la bati mbele ya moto wa jikoni, na choo kilikuwa uani.

Miaka 30 baadaye, karibu theluthi ya kaya za Uingereza ilikuwa imepanga nyumba za umma, nyingi zikiwa mali ya halmashauri ya mji au wilaya. Hakuna nchi kubwa ya kibepari ya Magharibi iliyokuwa na serikali za mitaa zenye nyumba nyingi kiasi hicho. Wanaosimulia habari hii hupenda kuonyesha picha za maghorofa ya zege yaliyochakaa, kisha hutikisa kichwa. Mimi naona picha hizo zinaficha jambo lenyewe. Ukitaka kujua kwa nini nyumba ilijengwa ndefu au fupi, pana au finyu, na kwa nini leo haipo mikononi mwa umma, fungua daftari la mahesabu.

Kutoka kiwanda cha ndege

Jibu la kwanza lilikuwa la haraka. Sheria ya mwaka 1944 iliipa serikali kuu fedha za kutengeneza nyumba za muda, zilizoundwa kiwandani na kuunganishwa kwenye kiwanja. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1949, nyumba 156,623 zilikuwa zimesimamishwa. Baadhi zilikuwa za mbao na za saruji yenye asbesto, lakini zilizowastaajabisha watu ni za alumini. Viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege za kivita vilibaki na mitambo, mafundi na alumini chakavu ya ndege, vikageuzwa kutengeneza nyumba. Nyumba ilitoka kiwandani katika vipande vinne, mabomba na nyaya za umeme vikiwa tayari ndani ya kuta. Malori yalivipeleka kwenye kiwanja, vikafungwa kwa bolti, na familia ikahamia.

Ndani mlikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule, bafu lenye maji ya moto, choo, na jiko lenye makabati ya ukutani. Na friji. Mwaka 1947 friji ilikuwa kitu cha matajiri, na hapa ilikuwa imejengewa kabisa katika jiko la mke wa mchimba makaa. Neil Kinnock, ambaye baadaye aliongoza Chama cha Labour, alikulia katika nyumba ya aina hiyo kule Tredegar, Wales, na amewahi kueleza jinsi majirani walivyokuja kuitazama friji yao.

Nyumba hizo zilipangiwa maisha ya miaka kumi. Huko Catford, kusini mwa London, mtaa wa Excalibur wenye nyumba 187, uliojengwa kwa mikono ya wafungwa wa vita wa Kijerumani na Kiitaliano, ulikuwa bado na wakazi karne hii ilipoingia. Halmashauri ilipotaka kuubomoa, wakazi waligawanyika, na mwaka 2009 nyumba sita zikawekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na taifa. Zilipendwa kwa sababu ya bustani. Kila moja ilisimama peke yake, yenye ua mbele na nyuma, jambo ambalo wapangaji wa mijini hawakuwahi kulipata.

Hata hivyo hazikuwa rahisi. Ile ya alumini iliishia kugharimu kuliko nyumba ya kawaida ya matofali, ingawa ilihesabiwa kuwa ya kupita tu. Waziri aliyerithi mpango huo hakuupenda hata kidogo. Nyumba hizo aliziita vibanda vya sungura.

Ahadi ya miaka sitini

Waziri huyo alikuwa Aneurin Bevan. Alizaliwa Tredegar mwaka 1897, akaingia mgodini akiwa kijana mdogo, akasoma katika maktaba ya wafanyakazi, akaenda bungeni. Mwaka 1945 alipewa Wizara ya Afya, na wakati ule nyumba zilikuwa chini ya wizara hiyo hiyo. Wengi wanamkumbuka kwa huduma ya afya ya bure iliyoanza Julai 5, 1948. Upande wa nyumba husahaulika, labda kwa sababu takwimu zake hazikuwavutia wapiga kura.

Bevan alishika mambo mawili na hakuyaachia. La kwanza ni kwamba nyumba zijengwe na halmashauri, si na wafanyabiashara. Mbao, matofali na mafundi vilikuwa adimu, na ujenzi wowote ulihitaji kibali. Akaamuru vibali vinne viende kwa halmashauri kwa kila kimoja cha mtu binafsi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mfanyabiashara hujenga kwa mwenye fedha, halmashauri hujenga kwa aliye kwenye foleni. La pili ni ubora. Nyumba ya vyumba vitatu aliitaka iwe na zaidi ya futi za mraba 900, na kwa wastani zilizojengwa wakati wake zilizidi 1,000. Alitaka choo juu na choo kingine chini. Alisema kwamba kwa mwaka mmoja au miwili watahukumiwa kwa idadi ya nyumba, lakini baada ya miaka kumi watahukumiwa kwa aina ya nyumba walizojenga.

Fedha zilitoka wapi? Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia kidogo, maana ndipo siri ilipo. Halmashauri ilikopa gharama yote ya ujenzi, mara nyingi kutoka mfuko wa mikopo wa serikali wenye riba ndogo, na kulipa polepole kwa miaka 60. Sheria ya 1946 ikaweka ruzuku ya pauni 22 kwa mwaka kwa kila nyumba ya kawaida, kwa miaka hiyo 60: pauni 16 na shilingi 10 kutoka Hazina, na pauni 5 na shilingi 10 kutoka kodi za majengo za mji wenyewe. Kilichobaki kilizibwa na kodi ya pango. Serikali haikutoa rundo la fedha siku moja. Ilitoa ahadi ndogo, yenye umri mrefu kuliko wa waziri yeyote.

Ahadi hiyo ilikutana na mambo mawili yaliyoipa nguvu kuliko ilivyotarajiwa. Moja ni mfumuko wa bei. Deni la nyumba ya mwaka 1947 lilibaki lile lile kwenye karatasi, huku mishahara na kodi zikipanda mwaka hadi mwaka, hata ikafika wakati deni hilo likawa kama nauli. Jingine ni sheria ya 1935 iliyoruhusu halmashauri kuweka kodi zote za pango katika mfuko mmoja. Nyumba za zamani, ambazo hazikugharimu tena kitu kikubwa, zilileta ziada, na ziada hiyo ilipunguza makali ya kodi katika nyumba mpya zilizojengwa kwa bei ya juu. Ni kama shamba la minazi: anayepanda husubiri miaka, lakini mnazi ukishaanza kuzaa hudondosha nazi za kuliwa na za kupandwa. Kufikia miaka ya 1960, halmashauri iliyojenga mapema na kutunza vizuri ilikuwa na mfuko wa nyumba unaojilisha kwa sehemu kubwa.

Mwaka 1949 Bevan alipitisha sheria iliyoondoa masharti kwamba nyumba za halmashauri ni za tabaka la wafanyakazi peke yake. Alitaka daktari, muuza nyama na kibarua wa shamba wakae mtaa mmoja, kama alivyoona katika vijiji vya zamani vya England na Wales. Ni wazo zuri, na halikutimia. Daktari alinunua nyumba yake kwa mkopo. Na chini kabisa, maskini wa kutupwa mara nyingi hakuimudu kodi ya nyumba yenye vyoo viwili. Halmashauri zilikuwa na maofisa waliopita kuwakagua waombaji katika vyumba walimoishi, wakitazama usafi wa shuka na tabia za watoto kabla ya kuamua nani apewe nyumba ya aina gani. Aliyeonekana mchafu alipewa iliyochakaa, au hakupewa. Aliyenufaika zaidi alikuwa fundi mwenye kazi ya kudumu, mke na watoto wawili. Nyumba za umma za miaka hiyo hazikuwa za walala hoi, na nadhani hilo lilizipa heshima: hakuna aliyeona haya kusema anakaa nyumba ya halmashauri.

Msukosuko wa uchumi wa 1947 ulimkata Bevan miguu. Mbao zilinunuliwa kwa dola, na dola hazikuwapo. Kasi ikapunguzwa. Mwaka 1950, katika mkutano wao mkuu mjini Blackpool, wajumbe wa Chama cha Conservative walishangilia hadi viongozi wao wakakubali ahadi ya nyumba 300,000 kwa mwaka. Walipochukua madaraka mwaka uliofuata, Churchill alimkabidhi kazi hiyo Harold Macmillan, na mwaka 1953 lengo lilivukwa. Macmillan aliongeza ruzuku na akapunguza ukubwa wa nyumba. Choo cha pili kikatoweka, korido zikabanwa. Idadi ikashangiliwa, na kazi hiyo ilichangia kumfikisha kwenye uwaziri mkuu.

Ruzuku iliyopanda ngazi

Kufikia katikati ya miaka ya 1950 mawazo yalihamia kwenye kubomoa mitaa duni. Nyumba zaidi ya milioni moja zilikuja kubomolewa katika miongo miwili iliyofuata. Hapo likaja swali la watu wanaotolewa wapelekwe wapi. Miji mikubwa ilikuwa imezungukwa na mashamba na maeneo ya kijani ambayo serikali, kwa waraka wa mwaka 1955, ilitaka yabaki bila kujengwa. Wilaya za vijijini hazikutaka wapangaji wa mjini, wala kura zao. Stevenage ilipoteuliwa mwaka 1946 kuwa mji mpya wa kwanza, wenyeji walibandika jina la Silkingrad kwenye stesheni ya treni kumdhihaki waziri Lewis Silkin, aliyekuja kuwaeleza mpango huo. Ikiwa ardhi haitapatikana pembeni, basi itafutwe angani.

Sheria ya Ruzuku za Nyumba ya mwaka 1956 iliandika jambo hilo kwa pauni. Kuanzia ghorofa ya nne, ruzuku kwa kila fleti ilipanda kadiri jengo lilivyopanda. Fleti katika jengo la ghorofa sita ilipata zaidi ya mara mbili ya ruzuku ya nyumba ya kawaida, na kila ghorofa iliyoongezwa juu yake iliongeza kitu. Nia ilikuwa kufidia gharama, maana jengo refu hula chuma, lifti na msingi mzito. Lakini mweka hazina wa halmashauri hasomi nia, anasoma jedwali. Kukawa na wasanifu waliopenda majengo marefu kwa falsafa zao, wakandarasi waliokuwa na viwanda vya vipande vya zege vinavyotafuta kazi, madiwani waliotaka kuonekana wa kisasa, na Hazina iliyolipa zaidi kwa kila ngazi. Vyama vyote viwili vilihusika. Hapa Labour hawana cha kumcheka mwenzao.

Si kila kilichojengwa kilikuwa kibovu. Park Hill, Sheffield, uliofunguliwa mwaka 1961, ulikuwa na fleti karibu elfu moja zilizounganishwa na korido pana za nje zinazopitika kwa gari dogo la muuza maziwa, na majirani wa mtaa uliobomolewa walihamishwa kwa pamoja ili wasipoteane. Watu wengi walioingia kwenye fleti za ghorofani kwa mara ya kwanza walifurahi kweli: bafu, maji ya moto, chumba cha watoto, dirisha lenye mwanga. Shida zilikuja baadaye, na nyingi zilikuwa za matumizi ya kila siku. Lifti ilipoharibika, mama mwenye kigari cha mtoto alikuwa mfungwa ghorofa ya 14. Majengo mengi yaliwekewa mfumo wa kupasha joto kwa umeme chini ya sakafu. Bili zikawa kubwa, wapangaji wakauzima, na kuta baridi za zege zikatoa unyevu na ukungu mweusi. Ofisi ikawalaumu wapangaji kwamba wanachemsha maji mno na hawafungui madirisha.

Kisha ikaja alfajiri ya Mei 16, 1968, huko Newham, mashariki mwa London. Ronan Point, jengo la ghorofa 22 lililokuwa limeanza kukaliwa miezi miwili tu nyuma, lilijengwa kwa vipande vya zege vilivyoletwa kutoka kiwandani na kupangwa kimoja juu ya kingine bila fremu ya kuvishika. Mtindo huo ulitoka Denmark, ambako ulikusudiwa majengo mafupi zaidi. Kabla ya saa 12 asubuhi, mpangaji mmoja wa ghorofa ya 18 aliwasha kiberiti kuchemsha chai. Gesi iliyokuwa imevuja ikalipuka. Mlipuko haukuwa mkubwa, lakini ulisukuma nje ukuta wa pembeni uliobeba ghorofa za juu. Hizo zikaanguka, na uzito wake ukavunja zilizo chini, hadi kona nzima ya jengo ikalala ardhini. Watu wanne walikufa. Kama ingekuwa saa mbili baadaye, watu wakiwa sebuleni, wangekufa wengi zaidi, kwani sehemu iliyoporomoka zaidi ilikuwa ya sebule huku wengi wakiwa bado vyumbani wamelala.

Uchunguzi ulionyesha kwamba udhaifu haukuwa wa jengo moja. Gesi iliondolewa katika majengo mengi ya aina hiyo na kuta zikaongezewa vyuma. Mnara wa Ronan Point wenyewe ulirudishiwa kona yake na watu wakaishi humo hadi ulipovunjwa mwaka 1986. Safari hii ulivunjwa kipande kwa kipande ili utazamwe, na kwenye maungio, mahali palipopaswa kujazwa mchanganyiko wa saruji, palikutwa uwazi na karatasi za magazeti.

Jambo la kuchekesha, kama kicheko kinafaa hapa, ni kwamba sheria ya mwaka 1967 ilikuwa tayari imeondoa nyongeza ya ruzuku kwa kila ghorofa juu ya sita. Watu husema mlipuko wa Ronan Point ndio uliomaliza ujenzi wa minara. Uliharakisha mazishi. Fedha ilikuwa imeshakata roho mwaka mmoja kabla.

Tangazo katika gazeti la Kampala

Uingereza hiyo hiyo, katika miaka ya Bevan, ilikuwa ikijenga Afrika Mashariki. Mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948 uliandikwa kwa lugha ile ile ya wapangamiji wa London: vitongoji vyenye shule, ukumbi na uwanja katikati, barabara kubwa zikipita pembeni. Kaloleni, mtaa uliojengwa katikati ya miaka ya 1940, una sura hiyo hadi leo. Tofauti ilikuwa katika nani anahesabiwa kuwa mkazi. Wakati Bevan akigombania choo cha pili, nyumba nyingi za Waafrika mjini Nairobi zilihesabiwa kwa vitanda vya wanaume wasio na wake zao, kwa sababu mshahara wa kibarua haukukusudiwa kulisha familia mjini. Kota za mkoloni hazikuwa na mpango wa miaka 60.

Na koloni lilipokuja Uingereza, lilikuta foleni. Halmashauri nyingi zilidai mwombaji awe ameishi katika eneo lao kwa miaka kadhaa kabla jina lake halijaingia kwenye orodha. Kwa maneno sharti hilo halikuwa na rangi. Kwa vitendo lilimwacha Mjamaica au Mhindi aliyeshuka melini akipanga chumba kwa mwenye nyumba asiye na huruma, huku kodi zake zikilipia nyumba za wengine. Sheria ya kupinga ubaguzi wa rangi ya mwaka 1965 haikugusa nyumba. Ilibidi ingojwe ya 1968.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Karibu 28,000 walikwenda Uingereza, wengi wao wakiwa watu wa maduka na ofisi za Kampala, Jinja na Mbale. Septemba 15, halmashauri ya mji wa Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus. Liliwaeleza kwamba orodha ya nyumba imejaa, shule zimejaa, huduma za afya zimeelemewa, na kwamba kwa manufaa yao wenyewe wasiende Leicester. Serikali ya London nayo iliigawa nchi katika maeneo mekundu ya kuepukwa na ya kijani ya kupelekwa, na wageni wakapokelewa kwanza katika kambi 16, nyingi zikiwa za jeshi, aina ile ile ya kambi zilizovamiwa mwaka 1946.

Maelfu walikwenda Leicester vilevile. Wengine walisema tangazo ndilo lililowajulisha kwamba mji huo upo. Wengi hawakungoja nyumba ya halmashauri. Walichanga ndani ya ukoo, wakanunua nyumba za zamani za mstari karibu na barabara ya Melton na Belgrave, zile ambazo wenyeji walikuwa wakizikimbia. Mtaa huo leo ni kati ya mitaa ya biashara inayojulikana sana Uingereza.

Zilipouzwa

Malalamiko dhidi ya halmashauri yalikuwa ya kweli. Mwenye nyumba wako akiwa ofisi, kila kitu kinapitia ofisini. Mpangaji wa miaka 20 hakuruhusiwa kupaka mlango wake rangi anayoitaka. Bomba likivuja ulijaza fomu. Kuhamia mji mwingine kwa kazi kulimaanisha kurudi mwisho wa foleni. Margaret Thatcher alikijua kidonda hicho, na Sheria ya Nyumba ya 1980 ikampa mpangaji aliyekaa miaka mitatu haki ya kununua nyumba yake kwa punguzo la asilimia 33, likipanda kwa miaka ya upangaji hadi 50. Halmashauri haikuweza kukataa.

Familia nyingi za wafanyakazi zilipata mali kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wao, na sitawacheka kwa furaha hiyo. Ningekuwa na bahati hiyo ningenunua pia. Katika England peke yake karibu nyumba milioni mbili zimeuzwa kwa njia hiyo tangu 1980. Lakini angalia ni zipi zilizouzwa kwanza. Zilikuwa zile za Bevan na za miaka ya 1920, za matofali, zenye bustani, ambazo deni lake lilikuwa limebaki dogo. Fleti za minara hazikupata wanunuzi. Kwa maneno mengine, ziliuzwa zilizokuwa zikileta ziada, zikabaki zinazokula. Mfuko wa kodi uliojengwa kwa miaka 40 ukatobolewa chini.

Fedha za mauzo zingeweza kuziba tundu hilo. Serikali kuu ilikataza halmashauri kutumia sehemu kubwa ya fedha hizo kujenga, na baadaye ikaziagiza zilipie madeni kwanza. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, nyumba mpya zilizojengwa na halmashauri kote Uingereza zilihesabika kwa mamia kwa mwaka, katika nchi ambayo Macmillan alizipata kwa mamia ya maelfu. Ruzuku haikufa, ilibadili njia. Badala ya kujenga, serikali ikaanza kumsaidia mpangaji maskini kulipa kodi, na mpangaji huyo akaipeleka kwa mwenye nyumba binafsi. Mara nyingi nyumba hiyo ilikuwa ya halmashauri, iliyonunuliwa kwa punguzo la umma, ikauzwa tena, na sasa inapangishwa kwa bei ya soko kwa fedha ya umma. Katika majengo mengi ya London leo, majirani wawili wa ukuta mmoja hulipa kodi zinazotofautiana mara mbili au zaidi, na tofauti pekee ni kwamba mlango mmoja uliwahi kuuzwa.

Scotland ilifuta haki hiyo ya kununua mwaka 2016, Wales mwaka 2019. England haijaifuta, lakini Novemba 2024 punguzo la juu kabisa lilishushwa hadi kati ya pauni 16,000 na 38,000, kutegemea eneo. Kabla ya hapo, London ilikuwa imevuka pauni 100,000. Kaya zipatazo milioni 1.3 zimo katika orodha za halmashauri za England zikingoja nyumba. Na tangu mwaka 2021, Meya wa London ametenga fedha za kuzisaidia halmashauri kununua tena nyumba zilizokuwa zao, kwa bei ya soko ya leo.